Jinsi ya kufundisha utafiti wa muda mrefu kwa data ya watoto wanaofuatiliwa tangu kuzaliwa

Walimu wenzangu mnaofundisha mbinu za utafiti, hapa Uganda, iwe Makerere, Gulu, Mbarara, Mbale au kwenye vyuo vya unesi na maendeleo ya jamii huko wilayani, hii ni njia ya kufundisha utafiti wa muda mrefu ambayo wanafunzi wanaishika haraka. Unawapa data ya watoto waliofuatiliwa tangu siku ya kuzaliwa, halafu kabla ya swali lingine lolote unawauliza: nani hayumo tena? Wengi wetu tunaanza na fomula, mwanafunzi anakariri jina la modeli, anabonyeza, jedwali linatoka, na hajawahi kujiuliza imekuwaje utafiti wa Uingereza wa 1958 ulioanza na watoto zaidi ya 17,000 ukawahoji zaidi kidogo ya 9,000 tu walipofika miaka 55. Hao elfu nane wako wapi? Mwanafunzi akianza kulisumbukia hilo, mengine yote yanafuata.

Kwa ambaye hajazoea, kohoti ya kuzaliwa ni kundi la watoto waliozaliwa karibu wakati mmoja, unawaandikisha wakiwa wachanga au hata mama akiwa bado mjamzito, kisha unarudi kwao tena na tena, wakiwa na miaka 5, 11, 16, 30, 50, unauliza, unapima, na kila ukirudi unaunganisha majibu mapya na ya zamani ya mtu yuleyule. Hapa kwetu wanafunzi wanachanganya sana hii na UDHS, ule uchunguzi mkubwa wa afya na uzazi wa UBOS (ofisi ya takwimu ya taifa), kwa hiyo wanyooshee mapema. UDHS ya 2011 na ya 2016 ziliuliza maswali yanayofanana lakini kwa wanawake tofauti, huwezi kusema mama fulani alikuwa hivi 2011 na sasa yuko hivi. Unaona nchi imebadilika, mtu mmojammoja humwoni.

Anza na mtoto mmoja ubaoni

Usifungue kompyuta siku ya kwanza. Chora mstari mmoja ubaoni, mtoto wa kubuni (waambie wazi ni wa kubuni), namba yake 017, msichana, kazaliwa 2004, uzito kilo 2.6, mama aliishia P5, yaani darasa la tano la msingi. Ukaguzi wa miaka 5: anaishi na bibi. Miaka 12: yuko P4, yaani yuko nyuma ya wenzake. Miaka 16: tupu. Halafu nyamaza uwaache waongee.

Watakuambia ameolewa, amehamia Kampala kufanya kazi za ndani, ameenda Uarabuni, amefariki, simu ya bibi haipatikani, mhojaji hakufika kwa sababu mvua ilikata barabara. Andika yote, kisha mchukue jibu mojamoja na muulizane, kama hii ndiyo sababu, matokeo yetu yatapinda upande gani? Akiwa ameolewa na kuacha shule, data yetu itaonyesha wasichana wanasoma zaidi kuliko ukweli. Ikiwa ni barabara tu, pengine haipindi sana, ila hata hapo mwanafunzi mkali atasema barabara mbaya ziko kwenye vijiji maskini, kwa hiyo inapinda vilevile, na huyo mpongeze mbele ya wote. Kisha waambie wahesabu mwaka. 2004 jumlisha 16 ni 2020, mwaka wa lokdauni, wahojaji hawakuruhusiwa hata kutembea, kwa hiyo ule utupu huenda haumhusu mtoto kabisa, unahusu utafiti wenyewe.

Jambo kama hilo limewahi kutokea kweli. Kohoti ya Uingereza ya 1970 ilipofika 1986, watoto wakiwa na miaka 16, walimu walikuwa kwenye mgomo, na kwa vile sehemu kubwa ya madodoso ilipitia shuleni, data ya raundi hiyo ikawa na mapengo makubwa ambayo watafiti wanahangaika nayo mpaka leo.

Zoezi la maharage

Hili nalipenda kuliko yote na halihitaji umeme wala bando. Chukua maharage 20 na punje za mahindi 20, jumla ni watoto 40. Maharage ni watoto wa nyumba maskini, na tuseme kila mmoja atasoma miaka 6. Mahindi ni wa nyumba zenye uwezo kidogo, kila mmoja atasoma miaka 11. Waulize wastani wa wote, watapata 8.5. Sasa mwite mwanafunzi mmoja awe “miaka inapita”, atoe maharage 15 na mahindi 5, kwa sababu maskini wanahama zaidi, wanapanga nyumba na kufukuzwa, wanabadilisha laini za simu. Yamebaki maharage 5 na mahindi 15. Hesabuni upya: 5 mara 6 ni 30, 15 mara 11 ni 165, jumla 195, gawa kwa 20 unapata 9.75.

Wastani umepanda mwaka mmoja na robo na hakuna mtoto hata mmoja aliyeingia darasani zaidi. Waache wakae na hilo kidogo, usiharakishe, manake hapa ndipo mtu anaelewa kwamba namba inaweza kuonyesha maendeleo ambayo hayapo, na mbunge au waziri akaisimamia jukwaani.

Halafu waonyeshe dawa yake. Kila harage lililobaki linawakilisha maharage 4 ya mwanzo (20 gawa kwa 5), kila punje ya mahindi inawakilisha moja na theluthi. Tia uzito huo: maharage 5 mara 6 mara 4 ni 120, mahindi 15 mara 11 mara moja na theluthi ni 220, jumla 340, gawa kwa watoto 40 unarudi kwenye 8.5 kamili. Sasa wamefanya kwa mkono kile kinachoitwa kutia uzito kufidia waliopotea. Lakini usiwaache waondoke na furaha ya bure, waulize: je, kama maharage yaliyopotea yalisoma miaka 3 tu na siyo 6? Watajaribu, wataona uzito hausaidii tena, kwa sababu unafanya kazi pale tu waliobaki wanapofanana na waliopotea wa kundi lao, na jambo hilo data yenyewe haiwezi kukuthibitishia.

Kohoti za kweli za kuwasimulia

Chagua tatu nne tu, usiwamwagie orodha. Mimi ningeanza na ya 1946 ya Uingereza. Kina mama 13,687 waliojifungua wiki moja ya mwezi wa tatu 1946 walihojiwa, kwa sababu serikali na wataalamu walikuwa na wasiwasi uzazi unapungua na walitaka kujua kujifungua kunagharimu nini, wakati huo hakuna huduma ya afya ya taifa, ilikuja 1948. Kisha wakachagua watoto 5,362 wa kufuatilia. Sasa wape wanafunzi hii: mapacha waliachwa, na waliozaliwa nje ya ndoa waliachwa. Waulize tungefanya hivyo Buganda au Busoga tungekuwa tumemwacha nani? Darasa litachangamka, manake kila mtu anajua ukoo una mapacha wangapi na nyumba ngapi hazina harusi ya kanisani wala msikitini. Kumbe mtu anaweza kupotea kwenye data hata kabla ya siku ya kwanza.

Ya 1958 itumie kwa mambo mawili. Kwanza ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba mama akivuta sigara akiwa mjamzito mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Pili, mwaka 1969 watoto hao wakiwa na miaka 11 waliambiwa waandike insha, wajione wako na miaka 25, maisha yao yakoje. Hiyo ni hazina kwa wanafunzi wa sosholojia wanaoogopa namba, unaweza kuwapa zoezi la kuandika insha kama hiyo kwa umri wa miaka 45, mkusanye bila majina, mzipange kwa mada, kisha mjadili ungewauliza nini ukiwakuta tena baada ya miaka ishirini.

Kisha waambie habari ya David Barker, kwa sababu ina mguu wake mmoja hapa kwetu. Huyu daktari Mwingereza aliishi Uganda kuanzia 1969 akitafiti kidonda cha Buruli, ule ugonjwa uliopewa jina la eneo letu la Buruli, akaondoka 1972 wakati wa Amin. Baadaye kwao alikuta vitabu vya manesi wa Hertfordshire ambao kuanzia 1911 walikuwa wanaandika uzito wa mtoto akizaliwa na akitimiza mwaka. Yeye na wenzake wakafuatilia vifo, na mwaka 1989 wakatoa matokeo ya wanaume 5,654: waliokuwa wepesi kwenye umri wa mwaka mmoja walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Kwa nini wanaume tu? Wanawake walibadilisha jina wakiolewa, ikawa vigumu kuwapata kwenye vitabu vya vifo. Nusu ya watu wametoka nje kwa ajili ya jina.

Hapohapo wape kazi ya kufikiri. Mtoto mwepesi wa 1920 pengine alizaliwa kwenye umaskini, na pengine aliishi kwenye umaskini huohuo mpaka miaka 60, sasa ni uzito ule uliomuua au ni maisha yote yaliyofuata? Hertfordshire ilikuwa na mwanzo na mwisho, katikati palikuwa peupe. Kohoti kama ya 1946 inayo hiyo katikati, nyumba, shule, kazi, ndoa, ndiyo maana watu wanakubali kulipia kazi ya miaka sabini na zaidi.

Kwa Afrika tumia Soweto na Johannesburg, watoto 3,273 waliozaliwa 1990, mwaka aliotoka Mandela gerezani. Ndani ya miaka 16 walipoteza karibu asilimia 30, na wengi walipotea miaka ya mwanzo, wakiwa bado wadogo. Iweke pembeni ya Dunedin kule New Zealand, walioanza na watoto 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, na walipofika miaka 45 waliwapata 938 kati ya 997 waliokuwa hai, kwa sababu wanamlipia mtu nauli ya ndege arudi Dunedin popote alipo. Waulize wanafunzi, sisi tungelipa nini mahali pa ndege? Boda? Siku ya kibarua aliyoikosa? Mjadala wa bajeti unaanzia hapo wenyewe.

Na yetu isikose. Entebbe, kati ya 2003 na 2005, wajawazito 2,507 waliingia kwenye utafiti wa dawa za minyoo, wengine wakapewa albendazole au praziquantel, wengine dawa bandia, na watoto wao wakaendelea kufuatiliwa kwa miaka mingi. Wazo lilikuwa kwamba kumtibu mama minyoo kungesaidia chanjo za mtoto zifanye kazi vizuri zaidi, haikuonekana hivyo, tena watoto wa mama waliotibiwa walionekana kupata zaidi ugonjwa wa ngozi wa kuwasha wakiwa wachanga. Mwanafunzi wa Uganda akisikia hili limetoka pale kando ya ziwa, kwa kina mama wa hapa, anakaa vizuri kwenye kiti. Usiwaambie Kyamulibwa ni kohoti ya kuzaliwa lakini, ile ya Kyamulibwa iliyoanza 1989 inafuatilia jamii nzima, wakubwa kwa wadogo, ni ndugu yake tu.

Umri, mwaka, kizazi

Hapa vitabu vinachosha, chora tu. Mstari wa chini ni miaka ya kalenda, mstari wa kusimama ni umri, kila mtoto ni mstari wa mshazari unaopanda. Sasa piga mstari wima kwenye 1997, UPE, elimu ya msingi bila ada, ilipoanza, na upige mkanda kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, shule zilipofungwa karibu miaka miwili. Mtoto wa 2014 anaukuta mkanda ule akiwa na miaka 6, yuko P1, anajifunza kusoma. Wa 2004 anaukuta akiwa na miaka 16, na huyo hatari yake ni mimba au kazi ya machimbo, na huenda asirudi shule kabisa. Tukio moja, mistari miwili, maumivu tofauti. Wakishaona hivyo ukiwauliza kwa nini kohoti moja haitoshi kutenganisha umri na nyakati watakujibu wenyewe, kwamba kila mtu kwenye kohoti moja anafikia miaka 16 mwaka uleule, hujui ni umri au ni mwaka, unahitaji kohoti nyingine pembeni.

Mkifika kwenye faili zenyewe

Data za kohoti za Uingereza nyingi zinapatikana bure kwa kujiandikisha kwenye hifadhi ya data ya taifa lao, UK Data Service, na huko utakuta pia Young Lives, watoto 12,000 wa Ethiopia, India, Peru na Vietnam, ambayo kwa maisha yetu iko karibu zaidi. Jiandikishe kabla semesta haijaanza, soma masharti, usigawe faili kwenye WhatsApp ya darasa, kila mwanafunzi aingie kwa njia inayoruhusiwa. Kwa data ya nyumbani inayorudi kwa kaya zilezile kuna Uganda National Panel Survey ya UBOS tangu 2009, siyo ya kuzaliwa ila inafundisha kuunganisha raundi vizuri sana. Programu ya takwimu tumia R, haina gharama na inakubali laptopu kuukuu.

Mambo yatakayowakwamisha nayajua karibu yote. Kwanza namba hasi. Kwenye faili nyingi za kohoti za Uingereza utaona -1, -8, -9, maana yake haimhusu, hajui, amekataa, na mwanafunzi asiyesoma maelezo ya faili atapiga wastani na hizo ndani yake. Mwache apige, mwache apate mtu mwenye kilo hasi 8, halafu mrudishe kwenye maelezo. Pili vipimo. Uzito wa kuzaliwa wa 1958 umeandikwa kwa aunsi, mara 28.35 ndiyo unapata gramu, kwa hiyo 120 ni kama gramu 3,400 na siyo mtoto wa ajabu. Tatu umbo la faili, pana lina mstari mmoja kwa kila mtoto na safu kwa kila raundi, refu lina mstari kwa kila raundi ya kila mtoto. Wafanyishe kwa karatasi kwanza, watoto watatu, raundi tatu, wabadilishe pana kuwa refu kwa kalamu, ndipo waende kwenye R.

Nne kuunganisha watu, na hapa Uganda inatupa mfano ambao hakuna kitabu cha Ulaya kitakupa. Buganda mapacha wa kike ni Babirye na Nakato, wa kiume Wasswa na Kato, mama anakuwa Nalongo na baba Ssalongo. Sasa mhojaji anarudi kijijini baada ya miaka 5 anamtafuta “Nakato, binti wa Nalongo”, anakuta watatu. Akimchukua siye, umeunganisha uzito wa mtoto mmoja na urefu wa mwingine na hakuna kompyuta itakayopiga kelele. Wape wanafunzi orodha mbili za majina ya kubuni zenye mtego huo, waziunganishe kwa jina peke yake, kisha kwa jina na tarehe, kisha kwa namba ya utafiti, wahesabu makosa kila mara.

Kuhusu siri za watu sitaki utani. Tuna sheria ya kulinda data binafsi ya 2019, na utafiti wowote wa kweli unapitia kamati ya maadili na UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), lakini hata kwenye zoezi la darasani usimwambie mwanafunzi ataje hali yake ya virusi vya UKIMWI, mimba iliyopita au nani baba yake. Data ya kubuni inatosha. Na waeleze kwamba mtu aliyeandikishwa akiwa mchanga hakukubali yeye, alikubali mama yake, kwa hiyo akifika miaka 18 lazima aulizwe upya, na akisema sitaki, basi, hiyo siyo hasara ya kukimbizana nayo.

Kazi ya kutoa alama

Mwisho wa muhula wape karatasi moja: panga kufuatilia watoto 500 wanaozaliwa mwaka huu kwenye subkaunti unayoijua, kwa miaka 20. Alama nyingi weka kwenye mpango wa kumpata mtu tena, kidogo kwenye takwimu. Ninachotafuta ni simu tatu na siyo moja (ya mama, ya ndugu asiyeishi naye, ya jirani), kufahamiana na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na VHT (wahudumu wa afya wa kijiji), kadi ya siku ya kuzaliwa kila mwaka hata kama raundi iko mbali, soko ambalo mama anauza, shule ambayo mtoto anatarajiwa kuanza, na nini kitafanyika familia ikihamia wilaya nyingine au ng’ambo ya mpaka, kwa mji wa mpakani kama Busia hiyo siyo hadithi. Pia atakayesema kabla ya kuanza kwamba anatarajia kuwapoteza kina nani, na atajuaje waliobaki wanatofautiana vipi na waliopotea, mpe alama zake zote. Aliyeandika “tutawapigia simu” peke yake, mrudishie karatasi na uandike pembeni: namba imebadilika, sasa unafanyaje?